Upana wa tairi kwa magurudumu ya triathloni: Continental Grand Prix 5000 la 23, 25 na 28 juu ya HED Jet 6 Plus

Tairi lililoandikwa 25 ubavuni si lazima liwe na upana wa milimita 25. Mtu anayejiandaa kwa triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, bila kulijua hilo anaweza kutoa fedha nyingi kununua magurudumu yaliyoundwa kwa ajili ya kukata upepo, kisha akayavisha tairi linalovuruga kazi hiyo kabla hajafika hata kwenye mstari wa kuanzia. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyofanya mwenyewe msimu mzima uliopita, nikiwa na magurudumu mazuri na tairi zuri ambavyo sikuwahi kuvipima pamoja. Msimu huu, katika miezi ya kujiandaa kwa mashindano ya Roth hapa Bavaria, nimetumia tairi la aina moja kwa vipimo vitatu, 23, 25 na 28, juu ya magurudumu yale yale, na wenzangu wawili wa mazoezi, mmoja wa Moshi na mwingine wa Nakuru, wamekuwa wakiniuliza kila Jumapili wanunue lipi. Jibu langu ni refu mno kutolewa na mtu anayehema kilimani.

Nianze na magurudumu, kwa sababu upana wa tairi ukitajwa peke yake hauna maana. Yangu ni HED Jet 6 Plus, niliyoyanunua kwa mtu aliyekuwa amehamia baiskeli ya breki za diski. Rimu yake ni ya alumini, yenye upana wa milimita 25 kwa nje na karibu 21 kwa ndani, na kutoka kwenye alumini hiyo kuelekea kitovu kuna ganda jembamba la kaboni linaloipa rimu nzima kina cha milimita 60. Ukiligonga kwa kucha linalia kama kopo tupu, na asiyelizoea hudhani limepasuka. HED ni kampuni ya Minnesota, na mwanzilishi wake, Steve Hed, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kushikilia kwamba rimu nene huupitisha upepo vizuri kuliko ile nyembamba, katika zama ambazo washindani wengi walipanda rimu za milimita 19 zenye matairi ya 20 au 21 yaliyojazwa hadi yakawa magumu kama jiwe. Kwa zama zake, basi, rimu ya 25 ilihesabiwa kuwa pana. Leo ni ya wastani, pengine hata nyembamba, na hapo ndipo utata unapoanzia, kwani sehemu kubwa ya ushauri wa siku hizi wa kupanda tairi la 28 unatoka kwa watu wenye rimu pana kuliko yangu.

Tairi lenyewe ni Grand Prix 5000 la kawaida, lile linalotumia tyubu, lililoingia sokoni mwaka 2018 kuchukua nafasi ya Grand Prix 4000 S II. Linatengenezwa Korbach, Ujerumani. Chini ya mpira wake umepita utepe wa Vectran wa kuzuia pancha, na katikati ya sehemu inayokanyaga lami kuna vishimo viwili vidogo ambavyo hufifia kadiri tairi linavyolika, hivyo humwonyesha mwenye nalo limebakiza uhai kiasi gani. Madukani hapa bei ni karibu euro 50 kwa tairi moja, ingawa mvumilivu hulipata kwa chini ya hapo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupima. Nilivalisha kila tairi, nikalijaza, nikaliacha lilale usiku kucha kwa sababu tairi jipya huendelea kutanuka kwa saa kadhaa, kisha asubuhi nikalipima kwa kalipa ya kidijitali katika sehemu sita za mzunguko. Lililoandikwa 23 lilitoa wastani wa milimita 24.8. Lililoandikwa 25 lilitoa 26.6. Lililoandikwa 28 lilifika 29.4, na nililipima mara ya pili kwa kuwa sikuamini. Kalipa haikuwa na kosa, wala kiwanda hakikudanganya: namba ya ubavuni imekadiriwa kwa rimu ya upana fulani wa ndani, na rimu ikiwa pana zaidi huzitenganisha kingo mbili za tairi, tairi likafunguka kama mfuko uliovutwa mdomo. Kadirio linalotumiwa na mafundi ni kwamba kila milimita inayoongezwa ndani ya rimu huongeza tairi kama nusu milimita au pungufu kidogo. Wanaokumbuka Grand Prix 4000 S II watakubali kwamba lile lilikuwa na tabia hii kwa kiwango cha kuchekesha. La sasa limetulia, lakini halijaacha.

Kwa nini milimita moja na nusu itusumbue? Kwa sababu gurudumu la mbele ndilo linalokutana na hewa ambayo bado haijaguswa na kitu, na hewa hiyo inagonga tairi kwanza, kisha inapita ubavuni mwa tairi na kuingia kwenye ubavu wa rimu. Ikiwa tairi na rimu vimelingana, au rimu imezidi kidogo, hewa inateleza kutoka kimoja hadi kingine kana kwamba ni kitu kimoja. Ikiwa tairi limefura kuliko rimu, umbo zima linakuwa la rungu: kichwa kinene, mpini mwembamba. Hewa ikishaachana na kichwa hairudi kuushika mpini, bali inajikunja na kufanya vurugu nyuma yake, na kile kina cha milimita 60 ulichokinunua kinabaki kuwa mzigo wa kaboni. Josh Poertner, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya magurudumu ya Zipp kabla ya kuiongoza Silca, kampuni ya pampu na vifaa vya baiskeli, ndiye anayejulikana kwa kanuni ya 105, isemayo kwamba rimu inapaswa kuwa na angalau asilimia 105 ya upana halisi wa tairi ili iweze kuishika tena hewa iliyotoka kwenye tairi. Neno la kuzingatia hapo ni «halisi», yaani upana wa kwenye kalipa, si wa kwenye boksi.

Nikiifuata kanuni hiyo kwa rimu yangu, 25 kugawanywa kwa 1.05 ni 23.8. Hakuna hata tairi moja kati ya matatu lililofaulu. La 23 limelingana na rimu karibu sawasawa, la 25 limeizidi kwa milimita 1.6, na la 28 limeizidi kwa zaidi ya milimita nne, ambalo kwa macho tu ni rungu lisilohitaji kipimo. Ningeweza kuishia hapo nikasema nunueni la 23, na ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu mwezi wa Machi. Lakini kanuni ya 105 ni mwongozo na si amri. Inahusu hasa upepo unaokuja kwa pembe, na haisemi lolote kuhusu lami, mikono, wala saa tano za kukaa juu ya tandiko.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatuletea kikwazo kidogo, kwa kuwa tunajaza upepo kwenye tairi na tunapigwa na upepo barabarani, na mazungumzo yetu ya Jumapili yamewahi kupotea njia kwa sababu hiyo. Ule wa ndani ya tairi nitauita presha.

Upepo wa barabarani mara chache humjia mpanda baiskeli uso kwa uso. Unachanganyika na mwendo wake na kumfikia kwa pembe ndogo, na kadiri anavyokwenda kasi ndivyo pembe hiyo inavyozidi kuwa ndogo. Gurudumu lenye kina, likipata pembe ndogo na hewa ikiendelea kuling'ang'ania, linasaidia kwelikweli. Pembe ikizidi kiasi, hewa inaliachia ghafla upande uliokingwa na upepo, na mpandaji analisikia hilo kwenye usukani kama mtu amemsukuma begani. Tairi pana kupita rimu hulileta tukio hilo mapema zaidi. Kwa tairi la 28 mbele nililisikia waziwazi kwenye uwanda wa wazi juu ya Greding, baada ya kupanda kile kilima kikali cha njia ya Roth, mahali ambapo mashamba hayana mti wa kukinga kitu: usukani ulikuwa ukitulia, ukipigwa, ukitulia tena, bila mpangilio wa kuuzoea. Kwa la 23 na la 25 msukumo ulikuwepo pia, lakini ulikuja taratibu na kuondoka taratibu. Anayejiandaa kwa mashindano ya Ironman ya Kona, Hawaii, ambako gurudumu la nyuma la sahani, yaani lililozibwa lote, limepigwa marufuku kwa sababu ya upepo wa njia ya kwenda Hawi, azingatie zaidi utulivu huu kuliko wati mbili za kwenye karatasi.

Tuje kwenye presha, ambako la 23 lilianza kupoteza marafiki. Mimi nina kilo 74, na pamoja na baiskeli, chupa na vyakula tunakaribia kilo 86. La 23 lilinidai bar 6.3 ili nisihofie kuigonga rimu kwenye ukingo wa shimo. La 25 lilitosheka na 5.6, na la 28 na 4.9. Zamani tuliamini kwamba tairi gumu ndilo lenye kasi, na kwenye ngoma laini ya chuma ya maabara imani hiyo inasimama. Lami haina ulaini wa ngoma. Presha ikizidi, tairi linaacha kumeza vijiwe na kuanza kuvirukia, na kila mruko unainua kilo 86 kidogo tu, maelfu kwa maelfu ya mara, nguvu ambayo ingekwenda mbele inaishia kwenye mabega na kiuno. Ndiyo maana faida ya tairi pana huonekana kwenye barabara mbovu na kufifia kwenye barabara nzuri. Barabara za Roth kwa sehemu kubwa ni nzuri, jambo lililonifanya niendelee kulipa la 23 nafasi kwa muda mrefu kuliko ambavyo ningelipa mahali pengine.

Nilijaribu kupima kasi pia. Nilitumia kipande cha kilomita tano cha barabara ya mashamba iliyotiwa lami, kwenda na kurudi, kwa wati 200 za kwenye mita ya nguvu, mkao ule ule, kofia ile ile, asubuhi kadhaa kabla jua halijapanda. Kati ya la 23 na la 25 mbele sikuweza kuona tofauti ambayo isingeweza kuelezwa na lori moja lililopita au upepo uliogeuka. La 28 mbele lilikuwa nyuma ya mengine kila asubuhi niliyolitumia, na hilo ndilo jambo pekee katika majaribio yale ambalo niko tayari kulitetea. Asiyekuwa na handaki la upepo asijidanganye kwamba kwa saa ya mkononi atazitenganisha milimita 1.8.

Kitu kingine kilijitenganisha chenyewe, nacho ni mikono. Baada ya safari ya saa nne kwa la 23, viganja vyangu vilikuwa na ganzi ile ya mtu aliyeshika mashine ya kukata nyasi, na nilipofika nyumbani nilipata shida kufungua kifungo cha kofia. Kwa la 25, njia ile ile, nilifungua bila kufikiri. Katika triathloni mtu akishuka kwenye baiskeli bado ana mbio za marathoni mbele yake, na mwili uliotetemeshwa kilomita 180 hauanzi mbio hizo kama uliobebwa vizuri. Kipimo cha hili sina. Nina kifungo cha kofia.

Habari ya la 28 nyuma ni fupi na ya aibu. Fundi wa duka moja, ambalo sitalitaja, aliniambia kwamba siku hizi kila mtu anapanda 28 na kwamba nyuma, ambako hewa tayari imechafuliwa na miguu na fremu, upana haudhuru kitu. Katika hilo la hewa alisema kweli. Tulichosahau sote wawili ni kwamba fremu yangu ni ya zamani, ya breki za rimu, na bomba lake la kiti limekatwa kwa mviringo ili lilikumbatie gurudumu la nyuma. Likiwa limesimama, tairi lilipita likiwa na nafasi ya kama unene wa kadi ya benki. Siku ya pili, nikiwa nimesimama juu ya pedali kwenye mlima, nilianza kusikia mlio kama wa karatasi inayochanwa, kisha harufu ya mpira. Niliposhuka, juu ya rangi nyeupe ya bomba kulikuwa na upinde mweusi uliong'aa, na ndani ya ule mviringo vumbi jeusi laini kama wanja. Nilirudisha tairi siku hiyo hiyo, upinde bado upo. Watengenezaji wa fremu huandika upana wa juu wa tairi wanaouruhusu, na upana huo nao usomwe kwa kalipa: la 28 linalofika 29.4 si la 28 tena mbele ya fremu. Vilevile breki za rimu zina mipaka yake, kwa maana tairi lililofura linaweza kugoma kupita kati ya viatu vya breki hadi ulitoe presha, jambo ambalo ukiwa na pancha katikati ya mashindano hutalifurahia.

Mwishowe nilishindana Roth nikiwa na la 25 mbele na la 25 nyuma. Nilifikiria sana kuweka la 23 mbele na la 25 nyuma, mpango wenye mantiki na wenye historia, kwa kuwa Continental wenyewe waliwahi kuuza jozi ya Attack na Force ambamo tairi la mbele lilikuwa jembamba kuliko la nyuma: mbele kunatafutwa hewa, nyuma kunabebwa uzito. Kilichoniondoa hapo ni usalama. La 23 juu ya rimu ya 21 kwa ndani limevutwa sana, ubavu wake umesimama wima na ukingo wa rimu umebaki karibu uchi, na majedwali ya karibuni yanayooanisha tairi na rimu yanazidi kulitenga tairi jembamba na rimu pana. Nililijaribu mazoezini kwa tahadhari, ila sikutaka kulishusha kwa kasi ya mashindano, na simshauri mtu aniige kabla ya kusoma majedwali ya pande zote mbili, ya rimu na ya tairi. Siku yenyewe ilikuwa na mvua nyepesi katika mzunguko wa kwanza, na kwenye kona za kushuka la 25 lilishika barabara bila kunitisha hata mara moja.

Wenye magurudumu mapya wasilichukue jibu langu kama lilivyo. Zipp 404 Firecrest ya sasa, kwa mfano, ina milimita 23 ndani na kina cha 58, na juu ya rimu za namna hiyo la 25 lingekuwa limenyooshwa kupita kiasi, ilhali la 28 linakaa mahali pake; kanuni ni ile ile, namba ndizo zimehama. Rimu hizo pia hazina kulabu za ndani za kushikilia tairi, hivyo hili langu la tyubu haliruhusiwi juu yake, na viwango vinaweka ukomo wa bar 5, kwa hiyo mtu mzito anayetaka tairi jembamba juu yake atajikuta amebanwa pande zote. Mpanda baiskeli Mbelgiji Thomas De Gendt alipoanguka katika mashindano ya UAE Tour ya mwaka 2024 na tairi likatoka kwenye rimu, mjadala uliofuata ulikuwa juu ya hilo hilo, la 28 kwenye rimu yenye 25 ndani. Hata Continental, walipotoa tairi la Aero 111 kwa ajili ya gurudumu la mbele, hawakuchagua 25 wala 28 bali 26 na 29, ishara kwamba wanaouza wameanza kuhesabu tairi na rimu kwa pamoja.

Nina malalamiko machache kuhusu Grand Prix 5000 lenyewe. Kulivalisha kwa mara ya kwanza kunachosha vidole, na kwa kuwa ndani naweka tyubu ya lateksi, ambayo hubanwa na kupasuka kirahisi, nilipoteza tyubu moja kwa haraka yangu. Tyubu hizo pia hupoteza presha usiku, kwa hiyo lazima nijaze alfajiri ya mashindano, na kwa rimu ya kina hiki valvu inahitaji kurefushwa. La 23 limekuwa adimu. Madukani nilioneshwa 28 na 32 kwanza, na hilo moja niliagiza. La nyuma limepata michubuko miwili ya vioo ambayo haikufika kwenye utepe, na vishimo vyake bado vinaonekana baada ya kilomita takriban elfu mbili na mia tano. Kwa rimu yenye 25 nje na 21 ndani, la 25 ndilo ninalolinunua tena. Lile la 23 limekunjwa kabatini, nalo la 28, ambalo duka lililikataa kwa kuwa lilikwisha kuchubuka kwenye fremu, linanipeleka kazini kila siku kwenye baiskeli yenye nafasi ya kutosha.